Fundi aliyenitengenezea tela la kambi hakuwa mwizi, ila sirudi kwake

#1 Safari Bado

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite. Mwaka mzima marafiki wananiuliza "vipi lile tela?", na kila nikianza kusimulia najikuta nafupisha ili nisionekane mjinga. Hapa sifupishi.

Nilichotaka hakikuwa cha ajabu. Tela dogo la ekseli moja, ndani godoro la watu wawili na kijitanda cha kukunja cha mtoto, nyuma jiko chini ya mlango unaofunguka kwenda juu, tangi la maji la lita 80, betri, taa, friji ndogo. Ya kiwandani niliyoyaona ama yalizidi uwezo wa gari langu ama hayakuwa na pa kumlaza mtoto. Nikaamua nitengenezewe.

Fundi nilimpata kwa picha. Simu yake ilijaa mageti, ngazi za chuma, mikokoteni ya kuvutwa na gari, na tela moja la kambi lililopigwa upande mmoja tu. Sikuuliza upande wa pili ukoje. Mishono yake ya kuchomelea ilinyooka kama ya cherehani, nikajiambia mtu anayechomelea hivi atashindwaje na kibanda chenye magurudumu? Tukakubaliana wiki 10, nusu ya hela mbele. Mkataba ulikuwa karatasi moja: urefu, upana, rangi, bei, sahihi mbili. Neno "uzito" halimo. Ninayo karatasi hadi leo na nimeisoma tena na tena, halimo.

Wiki ya tatu chesisi ilikuwa imesimama, nzuri hadi nikampigia mke wangu picha. Baada ya hapo mambo yakalala. Simu alikuwa anapokea, tena kwa heshima zote: "Bosi wangu, wiki ijayo njoo uone." Wiki ijayo nikienda naiona chesisi ileile, kilichoongezeka ni vumbi.

Wiki ya 14 nikakuta tela lingine mlangoni, la kijani, limekamilika, linamsubiri mwenyewe. Madirisha yake mawili yalikuwa ya kwangu. Nimejuaje? Vipimo nilitoa mimi, milimita 600 kwa 450, na boksi lenye vipimo hivyo na jina langu kwa maka peni lilikuwa limekunjuliwa chini ya meza, juu yake wamepanga makopo ya rangi. Nikamuuliza. Hakukana. Akasema, "Yule alikutangulia bosi. Ya kwako yanakuja."

Hapo ndipo nilipoelewa biashara yenyewe. Hela yangu ilikuwa inamalizia tela la aliyenitangulia, kama hela ya yule ilivyomalizia la aliyemtangulia yeye. Langu lingekamilika siku akitokea wa kunifuata na kuweka nusu yake mezani. Wakuu, mtacheka: nilianza kumtafutia wateja.

Mwezi wa saba nikakabidhiwa. Kwa macho, tela lilipendeza. Siku ya kwanza barabarani, nikiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, lori likanipita na tela likaanza kutikisa mkia. Kushoto, kulia, kushoto, na kila mzunguko mkubwa kuliko uliotangulia. Nikaachia mafuta, nikashika usukani bila kuugombanisha, likatulia. Mke wangu hakusema kitu mpaka tulipofika. Alipofungua mlango wa nyuma ndipo akasema, "Sahani zote ziko chini."

Nikalipeleka kwenye mizani ya magari. Tupu kabisa, bila maji, bila hata shuka: kilo 830. Kibati cha ekseli kimeandikwa 750. Yaani ekseli ilizidiwa kabla sijapakia kijiko. Nikapima na uzito unaokaa kwenye mkono wa kuvutia, yaani ule unaolalia mpira wa nyuma ya gari: kilo 28.

Ndani nako, asubuhi ya kwanza dari ilikuwa na mistari ya maji iliyopangana kama mbavu za mbuzi wa kiangazi. Friji ilikuwa inazima yenyewe usiku. Mtungi wa gesi ameuweka kwenye sanduku chini ya godoro.

Nisijitoe lawamani pia. Dirisha la upande wa mtoto nililihamisha baada ya mbavu za chuma za ukuta kuchomelewa. Rafu niliongeza mbili. Tangi lilikuwa la lita 50 kwenye mchoro, mimi ndiye niliyesema "weka tu 80".

Mafundi na waliopitia haya, nisaidieni. Linarekebishika, au niliuze kama banda la kuku?

#2 Kimya Kingi

Nimekaa pale. Picha mkuu.

#3 Nati Tatu

Ungenunua la kiwandani usingelia. Watu mnataka cha kipekee kwa hela ya kawaida, halafu mnashangaa.

#4 Safari Bado

Mkuu Nati Tatu, la kiwandani ningemlaza wapi mtoto, kwenye buti?

#5 Mzee wa Grainda

Mleta uzi, pole. Mimi ni fundi, matela nimetengeneza kwa miaka mingi, na huyo unayemsimulia namjua bila kumjua. Nianze na dawa halafu nije kwenye ugonjwa.

Kutikisa mkia hakutokani na mishono. Kunatokana na uzito kukaa nyuma. Tela la ekseli moja ni kama ule ubao wa watoto wa kupanda na kushuka: ekseli ndiyo kigingi cha katikati, na upande wa mbele lazima uwe mzito kidogo. Marekani wengi hushauri asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote iwe kwenye mkono. Ulaya huenda chini zaidi ya hapo, na gari lako nalo lina kikomo chake, kimeandikwa kwenye kitabu chake. Kilo 28 kwa 830 ni asilimia 3 na kitu. Hiyo ni kidogo popote pale.

Sasa niambie mambo mawili: kutoka katikati ya ekseli hadi kichwa cha kuunganishia ni mita ngapi, na tangi liko umbali gani nyuma ya ekseli?

#6 Safari Bado

Nimetoka kupima sasa hivi kwa futi kamba, shikamoo mzee. Ekseli hadi kichwa ni mita 3.2. Katikati ya tangi ni mita 1.2 nyuma ya ekseli. Betri, kilo 22, iko mita 1.3 nyuma, chini ya jiko.

#7 Mzee wa Grainda

Marahaba. Basi kaa chini kwanza.

Maji lita 80 ni kilo 80. Zidisha kwa 1.2, gawa kwa 3.2. Unapata 30. Yaani ukijaza tangi unaondoa kilo 30 kwenye mkono. Ulikuwa na 28. Tangi likijaa, mkono wa tela lako unataka kuinuka, kinachoushikilia ni kile kichwa peke yake. Siku ile likitikisa, tangi lilikuwa na maji?

#8 Safari Bado

Nusu.

#9 Kimya Kingi

Mungu mkubwa.

#10 Mzee wa Grainda

Haya, dawa. 28 mara 3.2 gawa kwa 830 ni 0.108. Kitovu cha uzito, yaani pale uzito wote wa tela unapojisawazisha, kiko sentimita 11 tu mbele ya ekseli. Ukiisogeza ekseli nyuma sentimita 20, kitakuwa sentimita 31 mbele yake, na toka ekseli hadi kichwa inakuwa mita 3.4. 830 mara 0.308 gawa kwa 3.4, unapata kilo 75. Ukiitoa betri kule nyuma ukaileta mbele, mita moja mbele ya ekseli mpya, unaongeza kama 14, jumla inakaribia 90. Tangi lihamishiwe juu ya ekseli kabisa, ili likijaa au likiisha mkono usijue.

Ekseli yenyewe tupa. Chukua yenye uwezo wa kubeba tela likiwa limepakiwa, na ubaki na akiba. Tena iwe na breki, maana uzito wote ukishavuka kilo 750, nchi nyingi zinataka tela liwe na breki zake lenyewe. Tairi nazo zisome namba ya mzigo ubavuni, usiziangalie ukubwa tu. Na atakayechomelea viti vipya vya springi asichomelee kukatisha ukingo wa chini wa boriti ya chesisi. Pale ndipo chuma cha boriti kinapovutwa na mzigo, na ufa wa uchovu wa chuma huanzia kwenye mshono uliokatiza hapo. Afuate urefu wa boriti, au afunge kwa bolti kupitia ubavuni.

Nati za gurudumu zikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza. Usisubiri zikukumbushe.

Sasa ugonjwa. Ile habari ya madirisha. Mimi nimewahi kuifanya, na naandika hapa kwa sababu hakuna anayejua sura yangu. Huanzi kwa kuiba. Unaanza kwa kukadiria vibaya. Mteja wa kwanza unamwambia wiki 10, kazi inakula 16, na hela yake imeisha wiki ya 11. Hapo anatokea wa pili na advansi mkononi. Utamwambiaje wa kwanza aongeze wakati mlishasaini? Unachota. Unajiambia nitarudisha. Miaka miwili nilifanya kazi kulipia mwezi uliopita. Kilichoniokoa ni kuugua. Nilifunga karakana miezi minne, sikupokea hela ya mtu yeyote, nikamaliza matatu yaliyokuwa ndani kwa akiba ya shamba.

Na nyie wateja mna neno lenu, "kitu kidogo tu fundi". Dirisha likisogea sentimita 10, mbavu mbili zinakatwa, plaiwudi iliyokwisha pimwa inakuwa kuni, waya uliopita pale unahamia kwingine. Siku tatu. Fundi mwoga hasemi siku tatu, anasema "hamna shida bosi". Ukisikia "hamna shida" ya haraka hivyo, shida ipo.

#11 Dada Turubai

Mzee umesema ukweli mpaka nimenyamaza mwenyewe kwa mwenyewe.

Yangu iliisha vibaya kuliko ya mleta uzi. Nililipa robo tatu kwa sababu alisema bei ya alumini inapanda. Mwezi wa tano karakana ikafungwa, mwenye jengo akaweka kufuli kwa deni la pango. Ndani kuna chesisi yangu, ekseli yangu, mabati ya alumini. Nikaenda na risiti. Risiti zote zina jina la fundi! Mimi nilimpa hela, yeye akanunua. Karatasi yangu ilisema nimelipia "tela", na tela halikuwepo. Nikaambiwa nijiunge na foleni ya wanaomdai.

Chesisi niliipata baadaye kwa mazungumzo, si kwa haki. Nilipoipeleka kwa fundi wa pili akauliza namba ya chesisi iko wapi. Haikugongwa popote. Hati ya aliyetengeneza, hakuna. Bila hivyo kusajili ni kizungumkuti, na bima ndiyo kabisa. Yule wa pili ilibidi aanze makaratasi kana kwamba yeye ndiye aliyekata chuma cha kwanza, na alinitoza kwa hilo, na simlaumu.

Siku hizi nikitengenezewa kitu, vifaa vikubwa nanunua mwenyewe kwa jina langu: ekseli, madirisha, friji, betri. Napiga picha namba zake. Madirisha nakaa nayo nyumbani chini ya kitanda mpaka siku ya kuyafunga. Fundi mmoja aliona nimemdharau. Mwingine alisema afadhali, karakana yake ina panya.

#12 Nati Tatu

Dada Turubai hiyo ya kitanda nimeipenda. Nafuta kauli yangu ya #3 nusu.

#13 Waya Mwekundu

Niingie kwenye friji kwa kuwa hakuna aliyeigusa. Mleta uzi, waya unaokwenda kwenye friji una unene gani, na ni mita ngapi toka kwenye betri?

#14 Safari Bado

Kwenye ganda umeandikwa 1 mm². Unazunguka ukutani, kama mita 6.

#15 Waya Mwekundu

Nilijua. Umeme wa volti 12 hausamehe waya mwembamba. Friji ya wati 60 inavuta ampea 5. Mita 6 kwenda na 6 kurudi ni 12 za shaba, kwa unene huo ukinzani wake ni kama omu 0.2. Mara 5, volti nzima inapotelea njiani. Betri ina 12.4, friji inaona 11.4, na usiku betri ikishuka kidogo tu, kinga ya friji inadhani betri imekufa inajizima. Friji nzima, betri nzima, mchawi ni waya. Weka wa 4 mm², upotevu unashuka hadi robo ya volti.

Halafu angalia kama kuna fyuzi karibu na betri. Karibu hasa, sentimita chache. Fundi wa mageti huweka fyuzi pale ambapo ni rahisi kuifikia, kwenye paneli mbele, na mita nne za waya kutoka kwenye betri hadi hapo hazina mlinzi. Waya huo ukisuguana na ukingo wa chuma kwa mtikisiko wa barabara mpaka ganda likatoboka, hakuna cha kuukata umeme ila moto.

#16 Safari Bado

Nimeangalia. Iko kwenye paneli. Waya unapita kwenye tundu la boriti bila hata kipande cha mpira. Ganda limeshaanza kung'aa mahali pamoja.

#17 Dada Turubai

Na ule mtungi chini ya godoro utoe leo, usisubiri ekseli. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini kama maji kwenye beseni, nanyi mmelala juu yake. Mtungi ukae nje, au kwenye kisanduku kisichopitisha hewa ndani ya chumba, chenye tundu sakafuni la kuitoa gesi nje. Na kifaa cha kuhisi kaboni monoksidi mkiweke, maana ile haina harufu, na kijumba kidogo kama hicho hujaa upesi mtu akileta moto ndani kukwepa baridi.

#18 Mzee wa Grainda

Mistari ya dari hiyo: mbavu za chuma zinagusa bati la nje kwa upande mmoja na plaiwudi ya ndani kwa upande mwingine. Baridi inasafiri kwenye chuma moja kwa moja, mvuke wa pumzi zenu unageuka maji hapo. Kuondoa kabisa ni kuvua dari, kuweka foami nyembamba kati ya ubavu na plaiwudi. Kama huna moyo huo, weka tundu la hewa juu na jingine chini, mlale yakiwa wazi hata kukiwa na baridi. Ukiyaziba upate joto, mistari inarudi.

#19 Safari Bado

Wakuu, mrejesho baada ya miezi miwili.

Nilitafuta fundi mwingine, safari hii niliomba kuona tela alilolitengeneza miaka mitatu nyuma na si picha. Akanipeleka kwa mteja wake. Nikalala chini ya lile tela kwa dakika 20 na tochi, mwenye nalo ananiangalia kama nimechanganyikiwa. Mkataba una kurasa tatu. Malipo mafungu manne, kila fungu baada ya kitu cha kushikika: ekseli imefungwa, tangi limehamishwa, umeme umejaribiwa, mizani imesoma. Fungu la mwisho nimelishika hadi baada ya kilomita 300. Mabadiliko yanaandikwa kwenye daftari, siku na bei pembeni, sahihi zetu wote. Mpaka sasa kurasa za mabadiliko ni tupu, nimejizuia kweli kweli. Mara moja nilitaka kuongeza ndoano ya taulo nikameza mate.

Ekseli mpya yenye breki, nyuma sentimita 20. Vibao vya matope vilibidi vikatwe na kufungwa upya. Waya wa friji 4 mm², fyuzi imekaa ubavuni mwa betri, mtungi uko nje. Dari sijaivua, nimetoboa matundu mawili ya hewa.

Mizani: kilo 862. Mkono: kilo 88. Mzee wa Grainda alikadiria 90 akiwa kwenye simu.

Nimelivuta likiwa na tangi limejaa na kasi ileile ya siku ile. Malori mawili yametupita. Mke wangu alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, baadaye mmoja, baadaye akalala usingizi.

#20 Mzee wa Grainda

Mizani ndiyo yenye kilo mbili za ubishi, si mimi.

#21 Kimya Kingi

Na yule fundi wa kwanza?

#22 Safari Bado

Kanipigia jana. "Bosi wangu, hakuna mtu unayemjua anatafuta tela?" Nikamuuliza safari hii ni la nani linalosubiri kumaliziwa.

Akacheka. Akasema la bluu.